Jina Lililobaki Kichwani mwa Guleid

Kiwanjani, Isiolo
3 Februari 1986

Kwa Khadijo wa Merti,

Asalaam aleikum. Salamu nimekupa kwa sababu Mungu ameamuru, si kwa sababu nimekukumbuka kwa wema. Mkono unaoandika ni wa Elizabeth, jirani yangu Mturkana, mwalimu wa nasari ya kanisa. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na punda. Lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiyatie sukari.

Mimi ni Ebla, mke wa Guleid. Elizabeth, andika tena hapo: mke wa Guleid. Nilimpikia huyo mwanamume wewe bado unapakwa samli kifuani. Nimezaa naye, nimezika naye watoto, nimemngoja kila mara lori lilipolala matopeni. Alipokuoa wewe alikuwa tayari na mvi. Nikanyamaza, maana sheria inamruhusu na Merti ni mbali. Wivu nilikula kama chumvi, kidogo kidogo, kila siku na chakula.

Kisha lori likapinduka lagani, kwenye ule mto mkavu, kichwa chake kikagonga chuma, na kwa kuwa Merti ilikuwa karibu wakamleta kwako. Nikasema sawa, akipona atarudi. Hakurudi. Ule mwaka wa ukame, madereva wakaniletea habari kama mtu anayeletewa ngozi ya ng'ombe wake: ati Guleid amesema "Ebla, nimekuacha," mara tatu, na wanaume wawili waliokuwa dukani kwako wamesikia.

Eda sikukaa. Mimi sijaachwa. Kila mwezi natuma mkebe wa nyirinyiri, nyama niliyoikaanga kwa samli, na lori la Mungania, na mkebe unarudi mtupu. Mtu aliyeacha mke hali nyama ya mkono wake.

Sasa sikia. Nimeenda kwa Kadhi. Nimemwambia kichwa kilichosema maneno yale kilikuwa kimevunjika, na maneno ya kichwa kilichovunjika si talaka. Akaniuliza nitathibitisha namna gani. Deqa mjukuu wangu, yule nesi wa Nairobi, anasema siku hizi kuna mashine inayopiga picha ubongo wenyewe, si mfupa. Kadhi amekuandikia umruhusu mzee aende. Usimfiche. Mvike lile koti la kahawia, Nairobi kuna baridi.

Najua utauliza bibi mzee kama mimi anataka nini na mume. Nitakuambia, usihangaike. Siku Guleid akifa nataka niwe mimi ninayekaa eda, nimefunga kichwa, na wanawake wa Isiolo wakija kunipa pole. Sitaki kusimama uani kwa watu kama jirani aliyekuja kuazima sufuria.

Ebla, kwa dole gumba

*

Merti
15 Februari 1986

Mama Gedi,

Aleikum salaam. Barua yako imefika ikinuka miraa, Mungania aliisokomeza kwenye magunia. Mimi naandika mwenyewe. Nilifika darasa la nne, siazimi mkono wa mtu.

Unasema ulinyamaza nilipoolewa. Ulinyamaza wewe? Ulimtuma mzee na mashuka yake yote yamefuliwa, yamekunjwa, na kila moja umelifukiza uvumba wa nyumba yako, ili alale kwangu akikunusa wewe. Nilifua mashuka yale mara ngapi, harufu haikutoka. Huko ndiko kunyamaza kwenu Isiolo?

Wewe unamkumbuka Guleid wa lori, aliyepiga honi watoto wakakimbia. Mimi ninaye huyu. Huyu anavua kanzu sokoni. Anatukana kwa sababu chai ni moto, halafu analia kwa sababu imepoa. Anataka kutoka kwenda kuwasha lori ambalo liliuzwa kama chuma chakavu. Namwosha, namvisha, namrudisha kwa mkono. Mke ni anayefanya hayo. Mkebe wa nyama hata shangazi anaweza kutuma.

Wale wanaume wawili si ndugu zangu. Walikuja kununua majani ya chai, wakasikia. Maneno yalitamkwa, na jina lililotajwa ni lako. Sasa mashine itafanya nini? Itayarudisha tumboni?

Nitamtuma. Si kwa ajili ya kesi yako. Anaanguka kifafa, na huko wanaweza kumpa dawa. Koti la kahawia limeliwa na panya. Nimemnunulia la bluu, limempendeza sana.

Khadijo, mke wa Guleid

*

Nairobi
20 Machi 1986

Kwa ayeyo yangu mpendwa,

Asalaam aleikum warahmatullah. Babu amefika salama na sasa yuko kwangu. Anakula vizuri. Usiulize tena kuhusu koti.

Picha imepigwa. Nilidhani ataogopa, maana mashine ni kubwa kama pipa la maji lililolazwa na katikati lina tundu, na mtu analazwa juu ya kitanda kinachoingia pale kichwa kwanza. Alipoona tundu akasema hilo tairi ni la lori gani. Wote tukacheka. Nesi mmoja alimshika mkono asitikisike, akatulia kabisa.

Nikueleze kidogo, Elizabeth akusomee polepole. Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa tu. Hii inaonyesha kilicho ndani, tabaka kwa tabaka, kama unavyokata kitunguu duara duara ukaangalia kila kipande. Vipande vyote viko kwenye karatasi moja nyeusi ya plastiki, ninayokutumia pamoja na barua ya daktari kwa Kadhi. Upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, utaona doa jeusi lisilofanana na upande wa pili. Hapo ndipo paliumia. Daktari anasema ni jeraha la zamani, linalingana na ile ajali ya lori.

Nilimwuliza mahali hapo panafanya kazi gani. Akasema watu wengi walioumia hapo hupotewa na majina, na wengine jicho linaona uso lakini hawajui ni wa nani. Nikamwuliza, basi inaonyesha hakukusudia kumwacha bibi? Akasema hapana, na naomba ulisikie hili, ayeyo. Akasema, "Dada, picha inaonyesha palipoumia. Haionyeshi alichokusudia. Asije mtu akaibebesha mzigo usio wake."

Jambo moja litakufurahisha. Tangu afike ananiita Ebla. Asubuhi Ebla, jioni Ebla. Yule nesi aliyemshika mkono naye akamwita Ebla. Nikajiambia, kumbe nimefanana na bibi yangu.

Mjukuu wako,
Deqa

*

Kiwanjani, Isiolo
2 Aprili 1986

Deqa mama yangu,

Mungu akuweke. Huyo nesi aliyemshika mkono ana umri gani? Ameolewa? Nijibu hilo kwanza.

Picha imefika. Nimeibandika dirishani kwa sabuni, jua likapita ndani yake. Elizabeth alisema ubongo unafanana na njugu zilizomenywa. Mimi niliona kama ramani ya mito, na lile doa kama dimbwi ng'ombe walipokunywa wakaondoka. Nilikaa mbele yake mpaka chai ikaganda utando. Nilikuwa namtafuta Khadijo. Nilisema kama yumo nitamwona, atakuwa amejibanza kwenye kona na duka lake. Usicheke. Mwanamke aliyeolewa mitala hata ndani ya kichwa cha mume atapekua.

Maneno ya daktari nimeyasikia. Ni mtu mwenye adabu. Lakini wewe nesi mzima umepita juu ya dhahabu ukaiita mchanga. Unasema njia za majina zimekatika, na bado katika Nairobi yote jina analolijua ni moja, Ebla! Limebaki peke yake kama nyumba iliyosimama baada ya mafuriko. Mtu atamwacha mke ambaye jina lake halijamtoka hata kwa kugongwa na chuma?

Gedi alimpokea mzee stendi akamlaza kwake siku chache kabla ya Mungania kumrudisha Merti. Mwanangu ni mwanangu, lakini ni mtu wa msikiti, akaniambia, "Hooyo, mpaka Kadhi aseme, wewe na baba ni watu baki." Basi nikawa nyuma ya ua. Nilimwona kwa mwanya wa mabati, amekonda, na hilo koti la bluu ni baya, mtu anaonekana kama askari wa stesheni. Akageuka akaita, "Ebla!" Sauti ile ile. Nikauma shuka. Kama nimeachwa, kuitika ni kosa. Akaita tena, nikauma tena. Deqa, nimezaa bila kupiga kelele, lakini siku ile nusura nipasuke.

Ayeyo yako,
Ebla

*

Kiwanjani, Isiolo
21 Aprili 1986

Naya, wewe mwanamke Khadijo,

Asalaam aleikum, na leo naitoa kwa moyo mweupe maana nimeshinda nusu.

Tumekaa mbele ya Kadhi. Aliiinua picha dirishani akaiangalia muda mrefu, barua ya daktari ikasomwa, kisha wakaja wale wanunuzi wako wa majani ya chai. Sina ubaya nao, walisema kweli. Walikuwa upande wa duka, pazia limeshuka, wakasikia sauti ya Guleid kutoka ndani. Walisikia, hawakuona.

Kadhi akasema, "Kidonda nimekiona. Lakini mtu mwenye kidonda kichwani anaweza bado kukataa bei mbaya ya ng'ombe wake. Picha imepigwa mwaka huu, maneno ni ya mwaka juzi. Haiwezi kuniambia kama saa ile alijua anasema nini. Shahidi niliyepungukiwa naye ni mmoja, aliyekuwa naye nyuma ya pazia." Huyo ni wewe. Barua yake ya kukuita iko na hii.

Njoo useme tu alikuwa hajijui. Ni ukweli na wewe umeuandika mwenyewe, ya kanzu na ya sokoni.

Na kwa kuwa ulinijulisha koti limempendeza, nami nikujulishe kitu. Huko Nairobi, kati ya madaktari na mashine, ametaja jina moja tu. Wanawake wote wa hospitali ile alikuwa akiwaita mimi. Kwa Gedi pia aliniita, sauti ikasikika mpaka msikitini. Daktari anasema doa limekula majina, lakini langu limelishinda. Lako, naya, sikusikia mtu akilitaja. Kaa nalo hilo ukiwa dukani.

Ebla

*

Merti
6 Mei 1986

Mama Gedi,

Salamu sikurudishii, malaika wanisamehe.

Siku ile wewe ulikuwa Isiolo. Hujawahi kujiuliza, kama ulikuwa Isiolo, alikuwa akimwambia nani?

Alitaka kutoka kwenda kwenye lori. Nikasimama mlangoni, mkono wangu nimeuweka kifuani pake, nikamwambia, "Mzee, hakuna lori." Akaniangalia hapa, machoni. Si nyuma yangu, si kando. Akasema, "Ebla, nimekuacha. Ebla, nimekuacha. Ebla, nimekuacha." Jasho lake lilikuwa mkononi mwangu. Nikainua pazia, wale wanaume wamekodoa macho. Nikasema, "Mmesikia, amemwacha wa Isiolo." Nilisema uongo gani? Jina lilikuwa lako.

Unajisifu kwa jina. Sikia basi kuhusu hilo jina. Tangu atolewe lagani hajaniita Khadijo hata mara moja. Ananiita Ebla nikimwosha, Ebla nikimlisha. Dada yangu alipokuja ni Ebla. Mama wa maziwa ni Ebla. Ile mbuzi yangu nyekundu anaiita Ebla, na sasa mbuzi inaitika. Kule kwa Gedi alipoita, nenda ukamwulize mke wa Gedi kama hakumpelekea maji, maana hakuna mwingine aliyekuwa uani.

Wewe una majina mawili, Ebla na Mama Gedi. Mimi Mungu hakunipa mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Nina moja tu na yeye amelipoteza. Ulinifukizia mashuka, sasa umeufukiza ubongo wake. Hata talaka hakunipa kwa jina langu!

Siji. Nikisimama kwa Kadhi nikasema haya, atasema aliyekuwa mbele yake ndiye aliyeachwa. Utampata mzima mzima, na jina lako limo tayari mdomoni mwake, hutahitaji hata kumfundisha. Mimi nitabaki na pazia.

Sasa umejua. Peleka barua hii kwa Kadhi au iwashie jiko. Nimechoka kusikia ukiringa kwa jina ambalo anayeliitikia ni mimi.

Khadijo

*

Kiwanjani, Isiolo
14 Mei 1986

Khadijo,

Asalaam aleikum. Ramadhani imeingia, na mtu aliyefunga hasemi uongo. Basi nikuambie yote.

Elizabeth aliposoma barua yako alifika katikati akataka kuikunja. Nikamwambia soma au toka. Alipomaliza, nilicheka. Sitakuficha. Nilisema alhamdulillahi, ameachwa yeye! Nilitembea humu ndani kama bibi harusi. Nilishaona mkeka wa mzee utakaa wapi.

Kisha nikaenda kwa mke wa Gedi kuuliza. Ni kweli, alikuwa anamwomba maji. Mimi nikang'ata shuka nyuma ya mabati kwa mwito wa kikombe cha maji. Nilirudi nikaitoa picha dirishani, nikaigeuza ukutani. Usiku sikula daku.

Nilikuwa nimekuonea wivu kwa vitu ambavyo huna. Nilidhani unalala na Guleid, kumbe unalala na mtu anayemtafuta Guleid kama mimi.

Lakini usidhani nimelainika. Harufu ya uvumba niliiweka kwa makusudi, na ningeiweka tena.

Jana nilimwendea Kadhi bila barua, bila kutaja mtu. Nikamwuliza, "Sheikh, mwanamume akimwangalia mke mmoja akataja mwingine, nani ameachwa?" Akasema kwa mtu mwenye akili timamu wanazuoni wamebishana sana. Lakini mtu ambaye jicho lake halimjui aliye mbele yake, na ugonjwa umethibitishwa, maneno yake hayajapata mahali pa kutua. Hayamgusi wa mbele wala wa mbali. Nikamwuliza kama picha inatosha kuthibitisha. Akasema, "Mama, picha itaniambia jeraha liko wapi. Aliyeishi naye ataniambia jeraha linafanya nini. Kimoja bila kingine ni kiatu cha mguu mmoja." Nadhani alijua ninauliza kwa ajili ya nani. Alinitazama kama anayeona ndoo inayovuja.

Kwa hiyo hutaachwa. Wala mimi. Lakini ukinyamaza, yale maneno ya pazia yatabaki na jina langu, na nitazikwa nikiwa mtalaka wa mtu ambaye hakunitaliki.

Barua yako imo ndani ya bahasha hii. Nimeirudisha. Ukija, njoo na mdomo wako. Usipokuja, kutoka kwangu Kadhi hatasikia neno.

Ebla

(Mimi Elizabeth naongeza bila ruhusa. Nilimwambia aiweke barua, ndiyo kesi yake yote imo humo. Akasema, "Mwanamke aliandika vile akilia. Nitamshindia na machozi yake?" Kisha akanifukuza jikoni, ati vitunguu vyangu vinamwasha macho.)

*

Merti
25 Mei 1986

Mama Gedi,

Aleikum salaam. Baada ya Idd nitakuja na Mungania, nikiwa na mzee. Usitupikie, nitabeba chakula.

Khadijo

*

Kiwanjani, Isiolo
24 Juni 1986

Kwa Khadijo, mke mwenzangu,

Asalaam aleikum. Nimesikia mlifika salama na mto haukuwasumbua. Kulala kwa shangazi yako mjini wakati nyumba yangu ina mikeka mitatu ni tusi, na nimelihesabu.

Nilikuwa nimepanga kukuchukia mpaka mwisho wa kesi. Lakini uliposimama ukasema kwa Kadhi, "Alikuwa ananiangalia mimi, akamwita yeye," mbele ya wanaume wote wale, bila kujifunika uso, nilitaka kukupiga na kukukumbatia kwa mkono mmoja. Mimi nisingeweza. Ningesema nina homa.

Hukumu imesomwa, Deqa nimemwandikia: maneno yale hayakumgusa yeyote, Guleid ana wake wawili kama zamani. Kadhi aliandika kwamba picha ilikuwa shahidi wa pili na wewe shahidi wa kwanza. Deqa atafurahi. Lakini kuna jambo sikumwandikia, na wewe pia usimwambie.

Ni pale Kadhi alipomwuliza mzee mwenyewe. Alikuonyesha wewe, akauliza, "Huyu ni nani?" Akajibu upesi, "Ebla." Watu wakaguna, kesi ikawa imekwisha hapo hapo. Kisha akanionyesha mimi. Uliona. Aliniangalia nikasema sasa, sasa hivi. Uso wangu ulitangulia kulipokea jina kama ng'ombe anayetokeza zizini. Akasema, "Huyu simjui. Mpeni kiti."

Nilikaa kwenye kiti. Ungenitazama wakati ule nisingekusamehe. Hukunitazama. Ulianza kumfunga mzee vifungo vya lile koti la askari wa stesheni, vilivyokuwa vimeshafungwa. Hilo nalo nimelihesabu, lakini upande ule mwingine.

Jina langu limehamia kwako, Khadijo. Sura yangu imekwenda na lile doa. Nimekaa siku hizi nikiona wivu nisioujua, wivu wa mtu anayejionea wivu mwenyewe. Nikisema ni kidonda, naambiwa ndiyo ni kidonda, hata picha iko. Najua iko! Imo chini ya godoro langu. Haisaidii kitu saa ya kulala.

Basi tufanye hivi. Gedi amekubali. Miezi ya joto mzee akae Isiolo, hospitali iko karibu na dawa ya kifafa haikosi. Mvua ikinyesha arudi Merti aone mto, anaupenda. Anapokuja kwangu, na wewe njoo. Sikualiki kwa mapenzi. Mgongo wangu umekufa, siwezi kumwinua peke yangu, na wewe umeshajua anapoumia na asipoumia. Utalala chumba cha mbele. Duka mwachie dada yako. Mbuzi yule usimlete, nyumba moja haiwezi kuwa na Ebla watatu.

Mimi nitakuita Khadijo. Asubuhi nitakuita, na jioni nitakuita, kwa sauti ya kusikika hata nikiwa sina haja nawe, ili kuwe na mahali mjini hapa ambapo jina lako linatajwa. Elizabeth amekwisha kuanza. Watoto wa nasari wanauliza Khadijo ni nani, anakuja lini.

Na akiita, "Ebla," wewe itika, umezoea, na yeye amezoea sauti yako. Sitakasirika. Lakini nikiwa nyumbani, hata kama nina unga mikononi, hata kama ni maji tu anayoyaomba na hajui mleta maji ni nani, ujue kabisa: mimi nitaitika kwanza.

Ebla, mke wa Guleid